Chanjo ya DNA na seli T

Chanjo ya DNA ni aina ya chanjo inayotumia plasmidi, yaani kipande cha DNA chenye umbo la duara, badala ya kirusi au bakteria aliyedhoofishwa. Plasmidi hubeba jeni ya protini fulani. Ikidungwa kwenye msuli, baadhi ya seli huisoma jeni hiyo na kutengeneza protini zenyewe, kisha huonyesha vipande vyake kwenye utando wao, ambapo seli T huvikagua.

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa jeni ya protini ya ndani ya kirusi cha mafua walipata seli T zenye uwezo wa kuua seli zilizoambukizwa, wakakingwa hata dhidi ya aina tofauti ya kirusi hicho. Kwa binadamu mwitikio ulikuwa hafifu zaidi. Chanjo ya kwanza ya DNA kuidhinishwa kwa watu, ZyCoV-D dhidi ya UVIKO-19, ilipata kibali cha dharura nchini India mwaka 2021.

Jina "chanjo" lisimpotoshe msomaji, kwani mbinu hiyohiyo yaweza pia kutuliza seli T. DNA ya bakteria ina sehemu nyingi ambapo herufi C na G hufuatana bila alama ya methili, jambo ambalo ni nadra katika DNA ya binadamu. Kipokezi kiitwacho TLR9 huzitambua kama dalili ya uvamizi, na seli T huchochewa. Zikipunguzwa, uchochezi huo hupungua.

Katika kisukari aina ya kwanza, seli T hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mgonjwa, mara nyingi akiwa bado mtoto, hulazimika kutumia insulini maisha yake yote. Kudhoofisha kinga yote kwa dawa kungemwacha wazi kwa maradhi mengine. Kwa sababu hiyo ilibuniwa plasmidi BHT-3021, yenye jeni ya proinsulini na C-G chache. Katika jaribio la watu wazima 80, lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa walidungwa kila wiki kwa wiki 12. Waliopewa plasmidi walipungukiwa seli T za CD8 zinazolenga proinsulini, ilhali zile zinazolenga vitu vingine hazikuguswa. Hata hivyo, hawakuacha kuhitaji insulini.