Kolwezi: Vumbi la migodi liandikwe pia katika cahier des charges

Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Mwaka 2018, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba wakaaji walikuwa na kobalti nyingi mwilini, watoto kupita watu wazima. Vumbi ndilo lililoshukiwa.

Malori ya migodi nayo yanatimua lao. Tangu mwaka huo huo, sheria ya migodi inadai kampuni zikubaliane na wakaaji juu ya cahier des charges. Shule na visima ni vema, ila barabara imwagiwe maji saa ngapi? Malori yafunikwe turubai? Hayo yakiandikwa, mama anayeuza mihogo kando ya njia atayahakikisha kila siku, bila mashine.