Kijani cha Simu Hakilindi Kiwiko

“Daktari, nimnunulie mwanangu kihisi gani ili asiumie kiwiko?” Kila msimu wa besiboli ukikaribia naulizwa hivyo na wazazi wenzetu walioko Marekani, na siku hizi hata na makocha wa Uganda, nchi iliyopeleka timu ya kwanza ya Afrika kwenye fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, mwaka 2012. Swali hilo nimelijibu kwa simu, nimelijibu uwanjani, na sasa nalijibu kwa maandishi: kihisi cha namna hiyo hakipo. Nasema hivi nikiwa mtu ninayefanya kazi na vihisi kila siku na kuvipenda.

Msimu uliopita nilisimama nyuma ya wavu huko Texas nikimtazama mrushaji wa miaka 15. Alikuwa amevaa kitambaa cha kubana mkono chenye kihisi kidogo kilichoshonewa upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Baba yake alikuwa kando yangu, mkononi ana simu iliyounganishwa na kihisi hicho. Baada ya mirusho kama 40 nilimwona kijana anakung’uta kidole cha mwisho na cha pete kama mtu anayekausha maji, kisha anasugua kiwiko kwa glovu kabla ya kupanda tena kilimani. Baba akaniinulia simu: “Tazama, Daktari, bado kijani.” Nikamwita kijana.

“Vidole vina ganzi?”

“Ndiyo. Tangu wiki iliyopita.”

“Mbona hukusema?”

“Simu ilisema niko sawa.”

Hapo ndipo subira yangu inapoisha, kwa sababu simu haikusema hivyo, na haina namna ya kulijua hilo. Kile kihisi kinapima mambo mawili tu: jinsi mkono unavyoongeza mwendo na jinsi unavyozunguka. Programu inachukua vipimo hivyo, inaongeza urefu na uzito ulioujaza mwenyewe, kisha inakadiria nguvu inayokisokota kiwiko kwa kila mrusho. Ile rangi ya kijani ni makadirio ya mzigo wa mirusho ya siku za karibuni ukilinganishwa na wa wiki zilizopita. Ligamenti yenyewe, ule ukano wa ndani ya kiwiko unaofunga mfupa na mfupa, haijaguswa wala kuonekana.

Tofauti hiyo, kati ya makadirio na hali ya ligamenti, ndiyo inayowapeleka vijana kwenye upasuaji. Maabara zimepima kwamba mrushaji aliyekomaa husokota kiwiko kwa nguvu ya nyutoni-mita 64 hivi kwa mrusho mmoja. Ligamenti iliyotolewa kwenye maiti na kuvutwa mashineni hukatika kwenye takriban 32. Hesabu hiyo ingetosha kuikata ligamenti kwa mrusho wa kwanza. Haikatiki kwa sababu misuli ya mkono inabeba sehemu kubwa ya mzigo. Chukua watu wawili waliobeba gunia la mahindi la kilo 90. Mmoja akichoka na kulegeza bega, gunia bado lina kilo 90, lakini mwenzake anapondeka. Kihisi kinapima gunia. Hakijui nani amelegea. Misuli ya kijana ikichoka, namba inaweza kubaki ileile huku ligamenti ikibeba zaidi.

Kinachotabiri hatari tunakijua, na hakihitaji betri. Watafiti wa taasisi ya ASMI ya Birmingham, Alabama, mwaka 2006 waliwalinganisha vijana 95 waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na 45 ambao hawakuumia. Walioendelea kurusha mara kwa mara mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa katika kundi la upasuaji. Waliorusha mashindanoni zaidi ya miezi 8 kwa mwaka, mara 5. Nani anayejua mkono umechoka? Mwenye mkono.

Naambiwa: “Lakini ligi kuu ya Marekani wana kila kifaa.” Wanavyo. Tangu 2015 mfumo wa Statcast unapima kila mrusho katika viwanja vyote vya ligi hiyo. Wastani wa kasi ya mrusho wa nguvu ulikuwa kilomita 147 kwa saa mwaka 2008. Mwaka 2024 ulifika karibu 152. Majeraha hayakupungua, yaliongezeka, na ripoti ya ligi yenyewe ya Desemba 2024 ilitaja kukimbizana na kasi miongoni mwa sababu kuu. Kifaa humwonyesha mrushaji namba, na namba ikionekana hufukuzwa.

Basi fanya haya. Hesabu kila mrusho, wa kupasha misuli moto na wa nyuma ya nyumba pia. Kihisi kinasaidia kuhesabu, daftari nalo linatosha. Fuata mipaka ya Pitch Smart, mwongozo wa kulinda mikono ya warushaji vijana: umri wa miaka 13 hadi 16 isizidi mirusho 95 kwa siku, 17 na 18 isizidi 105, mwenye miaka 15 au 16 akifikisha 76, apumzike siku 4. Asirushe mashindanoni angalau miezi 4 kwa mwaka. Rada ya kupima kasi itumie kulinganisha kasi ya mwanzo na ya mwisho wa zoezi. Ikishuka, funga siku. Mrekodi kwa simu kwa picha 240 kwa sekunde, ukiwa ubavuni, uone kama mkono umechelewa mguu wa mbele ukitua. Vifaa vya kupima mzunguko wa mpira vitumie kufundishia ushikaji. Namba za mwanao zilinganishe na zake mwenyewe za awali, si za jirani. Maumivu ya ndani ya kiwiko au ganzi ya vidole: acha hapohapo, nenda kwa daktari.

Yule kijana wa Texas alikutwa mshipa wa fahamu umesumbuka na ligamenti bado nzima. Alikaa wiki 6 bila kushika mpira. Siku aliyorudi, baba yake aliniandikia kwamba simu aliiacha mfukoni, akaanza kwa kumuuliza mwanawe mkono unaendeleaje, kisha akasubiri jibu.