Mama Amesahau, Binti Anachoka

Katika jamaa nyingi yuko mzee aliyeanza kusahau. Kwanza hupoteza ufunguo, kisha njia ya sokoni, na mwishowe jina la mtoto wake mwenyewe. Waganga huuita ugonjwa huo demensia, na namna yake inayoonekana zaidi hubeba jina la Alois Alzheimer, mganga Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Si wazimu, si laana, wala si uzee mtupu: ni ubongo unaokufa kidogo kidogo. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Kwa hiyo kazi kubwa imo mikononi mwa yule amnawishaye mgonjwa, amlishaye, na kumrudisha nyumbani anapotoka usiku.

Leo twawaletea habari za Walatino wa Marekani, yaani watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba na nchi nyingine za Amerika zisemazo Kihispania. Hesabu ya mwaka 2020 iliwaonyesha kuwa zaidi ya milioni 62. Wazee wao hupatwa na Alzheimer mara moja na nusu kupita wazee Wazungu wa nchi hiyo. Kwao jamaa ni kitu cha kwanza, na kumpeleka mama katika nyumba ya wazee huonwa na wengi kuwa ni kumtupa. Basi mzigo humwangukia binti. Akiulizwa kama yeye ni mlezi wa mgonjwa, mara nyingi hujibu kwamba yeye ni binti tu. Kwa jibu hilo misaada mingi humpita, kwa maana imetangazwa kwa ajili ya «walezi», tena kwa Kiingereza.

Walioelewa jambo hili waliacha kumngojea ofisini. Huwatuma promotora, wanawake wa mtaa uleule waliofundishwa mambo ya afya, nao huzungumza Kihispania jikoni na katika kumbi za parokia. Jirani huaminiwa mahali ambapo mgeni mwenye karatasi huogopwa, hasa na wale wasio na kibali cha kukaa nchini. Wengine walitunga fotonovela, hadithi ya picha na maneno mafupi ambayo watu hao waliipenda tangu zamani. Ndani yake jamaa hugombana juu ya mzee wao, kisha hujifunza namna ya kumjibu bila hasira na namna ya kuomba msaada. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa walezi Walatino walioisoma walipungukiwa na huzuni kuliko waliopewa maelezo ya kawaida.

Si maneno matamu tu. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika miji mitano, pamoja na Miami na Philadelphia. Walezi 642, Walatino, Wazungu na Weusi, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilifundishwa kwa miezi 6, mara 9 nyumbani na mara 3 kwa simu: jinsi ya kuondoa hatari nyumbani, kutuliza fujo za mgonjwa na kuangalia afya yao wenyewe. Mwishoni, ugonjwa wa huzuni ulionekana kwa watu kama 13 katika 100 wa fungu hilo, na kama 23 katika 100 wa fungu lingine.

Lakini tuseme wazi neno moja. Kufuata desturi za watu si kutafsiri kitabu tu, wala kupamba ukumbi kwa muziki wa kwao. Desturi hiyohiyo inayomlinda mzee yaweza kumvunja binti. Akisifiwa kila siku kwa sadaka yake, atathubutuje kusema kwamba hajalala juma zima? Na kaka zake, wanaofika Dominika kula na kumbusu mama, watajuaje?

Kwa hiyo promotora mwenye busara hatosheki na kumfariji binti. Huomba jamaa yote ikutane, wanaume pia, mzee akiwa amelala. Hapo huuliza kwa upole nani atakesha Jumatatu, nani atalipa dawa, nani atakaa na mama Jumamosi ili dada yao aende kusuka nywele. Majina huandikwa kwenye karatasi, na karatasi hubandikwa mlangoni pa jiko.