Kuchagua Mashine ya Kung'arishia Rangi ya Gari: Mwongozo kwa Mlaji wa Pwani ya Kilwa na Lindi

Gari linalolala nje Kilwa Masoko au Lindi mjini halizeeki sawa na gari linalolala Dodoma. Pepo zetu kuu mbili, kusi na kaskazi, zote hutoka baharini, nazo hubeba chumvi inayotua juu ya bati la gari pamoja na vumbi na mchanga. Jua humalizia kazi. Baada ya miaka michache boneti na paa hupauka, na mwenye gari huanza kufikiria kununua mashine ya kung'arishia ili aifanye kazi hiyo nyumbani badala ya kumlipa fundi kila mara.

Wazo hilo si baya. Hata hivyo, mashine hii si kama pasi au feni, ambayo ikiwa mbovu hurudishwa dukani na mambo yakaisha. Mashine isiyofaa ikipita juu ya rangi kwa dakika chache, kilichoondoka hakirudi mpaka sehemu hiyo ipakwe rangi upya. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema tueleze, kwa lugha nyepesi, jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi, ipi inamfaa anayeanza, na mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha.

Mashine huondoa nini?

Magari mengi ya siku hizi yana rangi ya matabaka. Juu ya rangi yenyewe kuna tabaka angavu ambalo mafundi wetu huliita kliya. Tabaka hilo ndilo linalong'aa, na ndilo linaloikinga rangi ya chini dhidi ya jua. Unene wake kwa kawaida ni kama maikromita 40 hadi 50, yaani takriban nusu ya unene wa karatasi ya daftari.

Kung'arisha maana yake ni kulisugua tabaka hilo kwa dawa yenye chembe ndogo sana, hadi sehemu ya juu iliyokwaruzika ipungue na uso uwe laini tena. Kwa hiyo kila unaponga'risha kwa dawa yenye chembe, unapunguza kinga ya gari lako. Gari linaweza kuvumilia kazi hiyo mara chache katika maisha yake. Haliwezi kuivumilia kila mwezi. Anayekuahidi kwamba mashine fulani "haiondoi chochote" hata ikitumiwa na dawa ya kukata hasemi kweli.

Kwanza jiulize kama unaihitaji

Yapo majaribio matatu yasiyohitaji fedha. La kwanza, osha gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni ya gari, kisha likaushe. Mara nyingi kinachoonekana kuwa rangi iliyopauka ni chumvi na vumbi lililoganda. Ukiwa unatumia maji ya kisima chenye chumvi, madoa meupe yatarudi kila ukiosha, na hakuna mashine itakayoyamaliza.

La pili, mwagia maji kidogo sehemu iliyopauka. Ikiwa inang'aa ikiwa na maji na kufifia ikikauka, mikwaruzo yake huenda ni midogo na mashine inaweza kusaidia. Ikiwa kliya imebabuka na kutoka vipande vipande kama gamba la nyoka, mashine haitasaidia. Hapo panahitaji fundi wa rangi.

La tatu, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo ni mkubwa kuliko kazi ya kung'arisha. Vivyo hivyo kutu: mashine haiiponyi, na kuisugua ni kuipanulia njia.

Baada ya majaribio hayo, piga hesabu ya matumizi. Mwenye gari moja atakayeitumia mashine mara moja au mbili kwa mwaka anaweza kupata nafuu zaidi kwa kuchangia na ndugu au majirani wawili watatu, au kumlipa fundi anayeaminika.

Aina mbili kuu

Aina ya kwanza ni mashine ya mzunguko mmoja. Sahani yake huzunguka papo hapo kama gurudumu, kwa kawaida kati ya mizunguko 600 na 3,000 kwa dakika. Inakata haraka, na mafundi wazoefu huipenda. Lakini joto lake hukusanyika mahali pamoja. Ikisimama kidogo kwenye ukingo wa mlango au kona ya boneti, ambako rangi ni nyembamba, huweza kuichoma hadi kwenye bati. Hatuipendekezi kwa anayeanza.

Aina ya pili ni mashine ya mizunguko miwili, ambayo kwenye maboksi mengi huandikwa herufi DA. Sahani yake huzunguka na wakati huohuo huyumba kwa duara dogo. Duara hilo hupimwa kwa milimita: 8, 15 au 21 ndivyo vipimo vinavyoonekana sana. Ukiibonyeza mno, sahani hupunguza mzunguko au husimama kuzunguka, na jambo hilo huikinga rangi. Kazi yake ni ya polepole zaidi, lakini kosa lake ni dogo. Kwa matumizi ya nyumbani tunashauri mashine ya aina hii yenye sahani ya milimita 125, duara la milimita 8 au 15, na kirekebisho cha kasi.

Zipo pia mashine za betri. Zinafaa pale umeme unapokatika mara kwa mara, ila betri na chaja yake aghalabu huwa za kampuni moja tu. Kabla ya kuinunua, uliza kama betri ya akiba inauzwa peke yake na wapi.

Grainda na drili si mashine za kung'arishia

Hili tunalisisitiza kwa sababu sponji za kufunga kwenye grainda huuzwa waziwazi, na mlaji huona ameokoa fedha kwa kuwa grainda tayari anayo. Grainda ndogo ya kukatia vyuma huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kasi hiyo inazidi mara tatu kiwango cha juu cha mashine ya fundi wa rangi. Sponji huweza kupasuka na kuruka, na rangi huungua kabla mkono haujawahi kuiondoa. Drili nayo, ingawa ni ya polepole, haikutengenezwa kubanwa kwa ubavu, na ni vigumu kuishika ikalala sawa juu ya bati.

Umeme wa nyumbani kwako

Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Soma kibati kilichobandikwa kwenye mashine, usitegemee maelezo ya mdomo. Mashine zilizotumika kutoka Japani huwa za volti 100, na zile za Marekani za volti 120. Ukichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu, mota huungua na mshikaji anaweza kudhurika. Adapta ya kubadilisha umbo la plagi haibadilishi volti. Kinachobadilisha volti ni transfoma, nayo ina gharama yake.

Mashine nyingi za nyumbani hutumia kati ya wati 500 na 1,000. Ikiwa unategemea jenereta, linganisha namba: jenereta ya wati 650 haiwezi kuibeba mashine ya wati 900. Mfumo mdogo wa sola wa taa na simu haufai kabisa.

Tazama pia alama ya mraba ndani ya mraba. Alama hiyo inaonyesha kwamba mashine ina kinga maradufu, na ndiyo sababu waya wake unaweza kukosa ethi bila kuwa na kasoro. Ukitumia waya wa kuongezea, uchague mnene na uukunjue wote, kwani waya uliokunjwa hushika moto. Viungo vya waya visilale kwenye maji uliyooshea gari.

Hesabu gharama nzima

Bei ya mashine ni sehemu tu ya gharama. Utahitaji sponji zisizopungua tatu au nne, dawa ya kukata, polishi ya kumalizia, nta ya kukinga, na vitambaa laini. Sponji huchakaa. Mashine ya bei nafuu ambayo sponji zake hazipatikani Lindi wala Kariakoo itakuwa pambo la stoo kabla ya mwaka kwisha. Uliza pia kama kaboni za mota zinabadilishika, na nani anaziuza.

Kabla ya kulipa dukani

Iwashe mashine na uisikilize katika kasi ya chini na ya juu. Isikwaruze wala kutoa harufu ya kuungua, na kasi ibadilike kweli unapogeuza kirekebisho.

Ishike kwa mikono yote miwili kwa dakika tatu. Kazi ya gari zima huchukua saa kadhaa. Mashine inayokuchosha dukani itakushinda nyumbani.

Linganisha jina la kampuni kwenye boksi, kwenye kibati na kwenye kitabu cha maelezo. Herufi zilizogeuzwa, tahajia yenye makosa au namba ya toleo isiyolingana ni dalili za bidhaa bandia.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki yenye tarehe na jina la bidhaa, na dhamana iliyoandikwa. Dhamana ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Siku ya kwanza ya kazi

Osha gari vizuri, maana punje moja ya mchanga chini ya sponji huchora duara juu ya boneti nzima. Fanya kazi kivulini, bati likiwa limepoa. Asubuhi ni bora kuliko adhuhuri. Usikae chini ya mkorosho au mwembe unaodondosha utomvu.

Jaribu kwanza eneo la sentimita 50 kwa 50, ukianza na sponji laini na dawa nyepesi. Kagua kwa tochi ya simu. Matokeo yakiridhisha, usipande kwenye dawa kali zaidi. Ukiona rangi ya gari inabaki kwenye sponji, simama: ama gari lako halina kliya, kama baadhi ya magari ya zamani, ama kliya imekwisha. Ukimaliza, paka nta, kwa kuwa uso uliong'arishwa bila kinga hautastahimili upepo wa bahari kwa muda mrefu.

Vaa miwani ya kukinga macho na viatu vikavu. Mtandio, kanga, mikono mipana ya kanzu na nywele ndefu visikaribie sahani. Watoto wakae mbali.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumdanganya mlaji kuhusu ubora au asili ya bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia. Ukigundua kasoro, acha kuitumia mashine mara moja, hifadhi boksi, risiti na picha, kisha mrudie muuzaji na kumweleza kwa maandishi unachodai: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Iwapo hofu yako ni usalama au ubora wa bidhaa yenyewe, toa taarifa pia kwa Shirika la Viwango Tanzania. Taarifa ya mlaji mmoja wa Kivinje au Nangurukuru inaweza kuiondoa sokoni mashine ambayo ingemdhuru mwingine.