Huzuni Inayorudi na Namna ya Kuilinda Nyumba

Ni jambo linalozishangaza jamaa nyingi. Baba aliugua huzuni kwa miezi kadha; alikosa usingizi, akakonda, akawa hasemi na watoto. Alipelekwa hospitali, akapewa dawa, akapona, akarudi kazini. Watu wa nyumbani wakashukuru na kusahau. Mwaka uliofuata, bila ya msiba wala hasara ya kuonekana, ugonjwa ule ule ukabisha hodi tena.

Huo si uvivu, si woga, wala si uchawi. Maradhi haya, ambayo siku hizi huitwa sonona, yana tabia ya kurudi. Kati ya watu walioyaugua mara moja, kiasi cha nusu huyaugua tena. Na kadiri yanavyorudi, ndivyo yanavyozidi kuwa mepesi kurudi. Kwa hiyo haitoshi kumponya mgonjwa. Yapasa pia alindwe baada ya kupona.

Kazi hiyo ya ulinzi iliwashughulisha wanasaikolojia watatu mwanzoni mwa miaka ya 1990: Zindel Segal wa Toronto, Kanada, pamoja na Mark Williams na John Teasdale wa Uingereza. Waliona kwamba akilini mwa mtu aliyewahi kuugua hubaki njia iliyokwisha kukanyagwa. Kila mtu hupata siku ya unyonge: mshahara umechelewa, mkubwa amefoka, mtoto ana homa. Kwa wengi unyonge huo huisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Lakini kwa mtu huyu huyaamsha mawazo ya zamani: kwamba hafai, kwamba ameshindwa, kwamba ni mzigo kwa wenziwe. Naye hukaa kuyachambua, akidhani kuwa akiwaza zaidi ataona mlango wa kutokea. Kumbe kuwaza huko ndiko kunakomzamisha. Watu husema, "Fulani ana mawazo." Pengine ingekuwa kweli zaidi kusema kwamba mawazo ndiyo yaliyomshika yeye.

Wataalamu hao walikwenda Worcester, Marekani, kwa Jon Kabat-Zinn, ambaye tangu mwaka 1979 alikuwa akiwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu namna ya kutuliza nia na kuzingatia jambo lililopo sasa. Mazoezi hayo asili yake ni dini ya Buddha, lakini hospitalini hufundishwa bila ya ibada, hata Mwislamu na Mkristo waweza kuyafanya kila mmoja akabaki na imani yake. Wakayaunganisha na elimu yao ya sonona, yakawa mafunzo ya wiki nane.

Watu kama kumi na wawili hukutana mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa mbili hivi, na kila siku hufanya mazoezi nyumbani. Siku ya kwanza mwanafunzi hupewa zabibu kavu moja. Huitazama, huipapasa, huinusa, kisha huila polepole, na hapo hutambua ni mara ngapi amekula chakula kizima asijue ladha yake kwa sababu nia ilikuwa mbali. Baadaye hujifunza kuupitia mwili wake kwa fikira, toka vidole vya miguu hadi utosini, na kuifuata pumzi ikiingia na kutoka. Nia ikitoroka, huirudisha kwa upole, bila ya kujilaumu.

Shabaha yake yaweza kufahamika upesi na askari wa lindo. Mlinzi wa lango huwaona wapita njia wengi. Huwatambua, huwaacha wapite, wala haachi lindo lake ili amfuate kila mmoja. Vivyo hivyo mwanafunzi hujifunza kuliona wazo la "sifai" likija, kulijua kuwa ni wazo tu, si amri wala si hukumu, na kuliacha liende zake.

Je, yafaa? Mwaka 2000 ilitangazwa hesabu ya wagonjwa 145 waliokwisha kupona. Miongoni mwa wale waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, waliopata matibabu ya kawaida tu walirudiwa na ugonjwa kwa kiasi cha 66 katika mia. Waliopata mafunzo, 37 katika mia. Waliougua mara mbili tu hawakuonyesha faida hiyo. Mwaka 2015, hesabu ya wagonjwa 424 wa Uingereza ilionyesha kwamba, katika miaka miwili, mafunzo hayo na dawa za kila siku vilikaribiana sana katika kuwakinga watu.

Lakini pasiwe na makosa. Mafunzo haya zaidi ni kinga ya aliyepona, na mtu asiache dawa zake bila ya shauri la daktari. Aliyeona mambo mazito vitani huenda akajiwa na kumbukumbu kali akikaa kimya na kufumba macho. Huyo afanye mazoezi mbele ya mwalimu aliyefunzwa, tena macho yakiwa wazi. Na yeyote anayesema kwamba heri afe, asiachwe peke yake. Silaha, dawa na sumu viwekwe mbali naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Jamaa nao wana sehemu yao. Mgonjwa akiwa mzima, mume na mke wakae pamoja na kuandika dalili zinazotangulia: kuamka alfajiri na kukosa tena usingizi, hasira za ghafula, kuwakwepa marafiki, kuongeza pombe. Chini yake waandike la kufanya, na nani wa kuitwa. Dalili ya kwanza ikitokea, asiambiwe, "Jikaze, wewe ni askari." Aambiwe kwa utaratibu kwamba zile ishara walizoziandika zimeanza kuonekana, kisha asindikizwe kwa daktari.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Nyumba iliyokwisha kuzijua dalili zake haina haja ya kungoja kilio.