Mlango wa Arusha na Hesabu ya Siku

Ijumaa moja hapa Ifakara, baada ya swala, mzee mmoja mkulima wa mpunga alinivuta pembeni kwenye baraza la msikiti. Shauri lake la shamba lilikuwa limekwama katika ngazi ya mwisho, naye amesikia kuwa Arusha iko mahakama iliyo juu ya serikali. Akaniuliza, "Sheikh, nipande basi?"

Nilimweleza kwamba Arusha zipo mahakama mbili, watu huzichanganya, na hakuna hata moja iliyo ya rufaa.

Ya kwanza ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo chini ya Umoja wa Afrika. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuwaruhusu raia kwenda huko moja kwa moja. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda, na tarehe 14 Juni 2013 ikaamuliwa kwamba kumlazimisha mgombea apitie chama cha siasa ni kuvunja haki zake. Hukumu ile ya Mchungaji ilimhusu pia Mwislamu asiye na chama. Lakini mahakama hizi hazina askari: uchaguzi mkuu wa 2025 ulifanyika bila mgombea binafsi. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake, na tangu tarehe 22 Novemba 2020 raia hawezi kufungua huko shauri jipya mwenyewe. Imebaki njia ya Tume ya Afrika, iliyoko Banjul, Gambia, ambayo haidai tamko hilo.

Ya pili ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya humruhusu mkazi yeyote kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba, bila kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Tarehe 28 Machi 2019 iliona kuwa vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinaukiuka. Ila muda wake ni miezi miwili tu, tangu jambo litendeke au mlalamikaji alijue.

Mzee akafungua bahasha yake. Hukumu ilikuwa na miaka mitatu.

"Basi huko nimechelewa," akasema.

Ikabaki Banjul, ambako nako ataulizwa sababu ya kukawia. Tulianza kuandika barua baada ya Alasiri, na aya ya kwanza ilikuwa ya kueleza ile miaka mitatu.