Gemu Mbichi kwa Bei ya Mbivu

Mpwa wangu alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, akashukia Mweka siku ya sita, midomo imepasuka kwa baridi. Alikuwa mgumu, kama wapagazi wa mlima huu wanavyoitana, na mzigo wake ulipimwa getini usizidi kilo 20. Hela ya safari ile hakununulia viatu. Alinunulia gemu ya kujenga nyumba msituni, kuwinda na kuishi, ambayo mtengenezaji alikuwa bado anaitengeneza. Duka la mtandaoni lilikuwa limeandika hivyo kwenye kisanduku ambacho hakukisoma.

Siku ya tatu likaja sasisho. Alipofungua, nyumba aliyoijenga kwa jioni mbili ilikuwa inaelea hewani bila ukuta hata mmoja. Kesho yake faili lake halikufunguka kabisa. Akaomba arudishiwe hela, akajibiwa kwamba amecheza saa mbili na dakika arobaini, kwa hiyo muda umepita. Nusu ya muda huo aliutumia kuzima na kuwasha upya.

"Mjomba, hapa si nimeibiwa?"

Hakuibiwa. Aliuziwa mbichi kwa bei ya mbivu. Sasa amekusanya tena, laki na ishirini na tano, ananiuliza aipeleke wapi. Nimemfanyia hesabu, na kwa kuwa vijana wenye swali hilo ni wengi kuanzia Pasua hadi Marangu, naiweka hapa.

Kinachouzwa ni nini

Duka la Steam lilianza kuuza gemu ambazo hazijakamilika mwezi Machi 2013. Unalipa leo, unacheza kilichopo, na hela yako pamoja na malalamiko yako yanamsaidia mtengenezaji kumaliza kazi. Si ulaghai, na duka lenyewe linamshauri mnunuzi asubiri kama hali ya sasa ya gemu haimvutii.

Tatizo liko kwenye bei. Wakulima wa Kagera wanaijua biashara ya butura, ambapo mlanguzi anamlipa mkulima kahawa ikiwa bado maua. Serikali imeipiga marufuku kwa sababu inamkamua mkulima, lakini itazame kwa jicho la mlanguzi: anatoa hela mapema, anabeba hatari ya ukame na wadudu, ndiyo maana anadai bei ya chini sana. Huku kwetu mkulima wa ushirika anafanya kinyume chake. Anapeleka kahawa iliyokwisha kukauka, anapokea malipo ya awali, kisha anasubiri mnada wa Moshi ili aone kama kuna malipo ya pili. Kote kuwili anayesubiri ana chake. Mnunuzi wa gemu mbichi mara nyingi analipa kama anayechukua gunia lililoshonwa, halafu anasubiri kama aliyenunua maua.

Kipimo changu cha kwanza basi ni hiki: anayelipa kabla ya mavuno apewe bei ya kabla ya mavuno.

Nne zilizouzwa mbichi

Steam inamwandikia Mtanzania bei kwa dola. Nitatumia shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iwe rahisi. Wewe weka bei ya siku yako.

Hades ilianza kuuzwa ikiwa haijamalizika Desemba 2018, kwa dola 19.99, kama 50,000. Ilipokamilika Septemba 2020 bei ilikuwa dola 24.99. Aliyewahi alipata punguzo la kama 12,500, na kila sasisho lilimwongezea kitu. Hiyo ndiyo butura ya haki.

Baldur's Gate 3 iliingia sokoni Oktoba 2020 kwa dola 59.99, sawa na laki na nusu, ikiwa na sehemu ya kwanza tu ya hadithi. Ilikamilika Agosti 2023 kwa bei ileile, na mwishoni mwa mwaka huo ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka. Mwisho ulikuwa mzuri, lakini aliyelipa siku ya kwanza alisubiri karibu miaka mitatu bila kupunguziwa hata senti.

Kerbal Space Program 2 ndiyo inayonikumbusha uchungu wa mpwa wangu. Ile ya kwanza, ya kuunda roketi na kuzirusha, ilianza mwaka 2011, ikakua mikononi mwa wachezaji hadi ilipokamilika Aprili 2015. Ni mfano mwema wa gemu iliyoivia mikononi mwa watu. Ya pili ilitangazwa 2019 kwamba itatoka 2020. Ilitoka tarehe 24 Februari 2023, bado haijakamilika, kwa dola 49.99. Hiyo ni kama laki na ishirini na tano, na ni dola 10 zaidi ya kaka yake aliyekwisha kuiva. Ilidai kompyuta ya gharama kubwa, na hata kwenye mashine zenye nguvu ilikwamakwama. Roketi ziliyumba kama mgomba kwenye upepo. Joto linalounguza chombo kikirudi kutoka angani halikuwepo, na sehemu ya utafiti wa kisayansi ilichelewa hadi Desemba 2023. Makoloni, safari za kwenye nyota nyingine na kucheza na wenzako zilibaki kwenye orodha ya ahadi. Mwaka 2024 kampuni mama, Take-Two, ilipunguza wafanyakazi na kufunga ofisi ya watengenezaji huko Seattle, na masasisho yakakoma.

The Day Before ilikwenda mbio zaidi. Ilitoka tarehe 7 Desemba 2023 kwa dola 39.99. Siku nne baadaye kampuni iliyoitengeneza, Fntastic, ilitangaza kufunga. Seva zilizimwa tarehe 22 Januari 2024. Wanunuzi wa Steam angalau walirudishiwa hela bila kujali walicheza saa ngapi.

Kipimo cha pili kinatoka hapo. Kwa Hades na Baldur's Gate 3, kilichokuwepo siku ya kwanza kilitosha kumburudisha mtu hata kama kazi ingesimama pale. Kwa hizo mbili za mwisho, kilichouzwa hasa kilikuwa ahadi.

Bando nalo lina njaa

Bei ya dukani ni nusu ya habari. Kerbal ya pili ilidai nafasi ya makumi ya GB, Baldur's Gate 3 inadai GB 150. Faili la kushusha huwa dogo kidogo kuliko nafasi inayodaiwa kwa sababu limebanwa, lakini tuchukulie unashusha GB 50 na kila GB inakugharimu shilingi 2,000 kwenye bando lako. Tayari ni laki moja nyingine. Kwa kijana wa Uru au Kibosho anayetegemea simu kuigawia kompyuta intaneti, gharama ya kushusha inaweza kuzidi gharama ya kununua.

Gemu iliyoiva unaishusha mara moja, pengine kwa Wi-Fi ya rafiki mjini, kisha unarudi nayo nyumbani. Gemu mbichi haikuachii hivyo. Kila baada ya wiki chache inataka sasisho, na mengine ni ya GB kadhaa. Usiposasisha, unabaki na makosa ambayo wenzako wameshayasahau.

Ya bure ina bei yake

Wapenzi wa mpira wana somo lao. Tarehe 30 Septemba 2021 kampuni ya Konami ilileta eFootball kurithi gemu yake ya PES, bila malipo. Ilikuwa toleo la 0.9.0, na namba yenyewe ilikuwa inasema kitu. Kulikuwa na klabu tisa tu, nyuso za wachezaji zikawa kichekesho, na mabeki walipitana kama watu waliopishana kwenye korido. Maoni ya Steam yakawa mabaya kiasi cha kuiburuza hadi mkiani mwa orodha nzima. Kesho yake Konami iliomba radhi. Toleo la 1.0 lililotarajiwa Novemba lilisogezwa hadi tarehe 14 Aprili 2022, na waliokuwa wamelipia kifurushi maalumu mapema walirudishiwa hela.

Wakati dunia inalalamika, kwenye kibanda kimoja cha Majengo hakuna aliyejua kama kuna msiba. Mashine zilikuwa zinaunguruma na PES 2013, diski ina mikwaruzo kama bati la jikoni, na kipa bado anajua kazi yake.

Baadaye eFootball ilitengemaa, na kwenye simu ndiyo njia ya bei nafuu ya kuanza. Usihesabu tu sifuri ya dukani. Hesabu bando, na uwekee kikomo sarafu za kununulia wachezaji, maana hela hutoka kidogokidogo bila mtu kuhisi.

Kibanda

Tuchukue mfano wa kibanda kinachotoza shilingi 500 kwa mechi. Laki na ishirini na tano ni mechi 250. Palipo na sheria ya aliyefungwa ndiye anayelipa, mchezaji wa wastani anaweza kucheza 500 kwa hela hiyo, na mwenye kipaji anacheza karibu bure. Hulipii bando wala sasisho, na LUKU ni shida ya mwenye kibanda.

Kasoro zipo. Pedi ya pili kidude chake cha kushoto huvuta upande, na anayeijua huwahi ya kwanza. Gemu ni za mpira na mapigano, roketi hupati. Lakini haki ya mteja inaeleweka papo hapo. Umeme ukikatika kabla ya mapumziko, mechi inarudiwa bure. Ukikatika dakika ya 80 huku mmoja anaongoza kwa mabao mawili, inaanza kesi, na kesi inaisha jioni hiyohiyo.

Usichanganye na hii

Kuna "mapema" nyingine. EA Sports FC 25 ilitoka rasmi tarehe 27 Septemba 2024 kwa dola 69.99. Aliyechukua toleo la juu la dola 99.99 aliingia tangu tarehe 20. Hapo gemu imekamilika. Unalipia kuwatangulia wenzako kwa siku saba, pamoja na vikorombwezo vingine. Tofauti ni dola 30, kama 75,000, yaani mechi 150 za kibandani. Mwenye PlayStation akumbuke pia kwamba mtandao wa mashine hiyo hauna duka la Tanzania, kwa hiyo atanunua kwa akaunti ya nchi nyingine, na kadi za kuijaza huja na faida ya muuzaji juu yake.

Mlango wa kutokea

Kabla ya kulipa, jua unarudi vipi. Steam hurudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Saa hizo zinahesabiwa hata ukiwa umekaa kwenye menyu unahangaika na mipangilio. Siku nazo zinaanza siku ya kununua, kwa hiyo usinunue leo gemu ambayo bando lake utalipata mwisho wa mwezi. Google Play inakupa saa 48 za kuomba. Duka la PlayStation linakupa siku 14, mradi hujaanza kuishusha. Kama ulilipa kwa kadi pepe ya simu ambayo umeshaifuta, omba hela irudi kwenye pochi ya duka.

Kwa hiyo uchague nini

- Unapenda mpira na bajeti ni ndogo: kibanda, au eFootball kwenye simu ukiwa na kikomo cha sarafu.
- Una kompyuta na unataka hadithi au ujenzi: chukua iliyokamilika, subiri punguzo la msimu. Kusubiri kunalipa mara mbili, makosa yanarekebishwa na bei inashuka.
- Unaitamani mbichi na roho haitulii: hakikisha bei ni ya chini kuliko itakavyokuwa ikikamilika, tazama video ya mchezaji wa kawaida badala ya tangazo, na angalia sasisho la mwisho ni la lini. Tangu 2025 Steam yenyewe huweka angalizo kwenye gemu mbichi iliyokaa muda mrefu bila kuguswa.
- Unalipia siku saba za kutangulia: hiyo ni anasa, ihesabu hivyo.

Nilimsomea mpwa wangu yote haya tukiwa tumekaa kibarazani. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka.

"Mjomba, sisi mlimani tunafanya hivyohivyo. Mgeni analipa yote kabla hajavaa buti. Na kilele hatumuahidi."

"Kwa hiyo mnamuuzia nini?"

"Siku sita. Njia, hema, chakula, mtu wa kumbebea. Akifika Uhuru, heri. Asipofika, siku zake amezipata."

Nilikaa kimya, maana kwa maneno machache alikuwa amemaliza hoja yangu. Gemu mbichi inayokupa siku zako ina haki ya kuuzwa. Ile aliyoinunua kwanza ilimuuzia kilele peke yake.

Hakununua kitu jioni hiyo. Alichukua simu, akaanza kutazama video ya mtu asiyemjua akicheza gemu iliyotoka miaka mitano iliyopita, akapunguza sauti ili amsikie vizuri anapolalamika.